Uliza Shangazi: nyumba yangu, ardhi ya nani?

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Mwezi huu mkoba umejaa, barua zimetoka mitaa yetu ya Malindi, Maweni, Muyeye, Kisumu Ndogo, Barani, mpaka Lamu, na ajabu yake karibu zote zauliza jambo moja kwa maneno tofauti, yani maendeleo haya yanakuja mtaani kwetu, haya sawa, na sie tutabaki wapi? Sijui ni hizi barabara zinazopimwa ama ni 2027 imeanza kunukia, manake uchaguzi ukikaribia hata mtaro uliosahaulika miaka wapata mtu wa kuupiga picha. Nimechagua barua tano. Dada wa Ngala mwenye mume wa kupotea kila Ijumaa, wewe subiri mwezi ujao, sijakusahau.

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Maweni. Nyumba ni yangu, alijenga marehemu babangu kwa udongo na makuti, mimi nikaja nikaezeka mabati. Ardhi si yetu, kila mwezi twalipa mia tatu kwa mtu anayekuja na daftari. Sasa twasikia mtaa utapangwa, kuje barabara na mitaro, na huyu mwenye daftari miezi mitatu hajaonekana. Jirani aniambia tukikaa kimya miaka 12 ardhi inakuwa yetu. Ni kweli? Na je nijenge ya mawe sai ama ningoje? — Mama wa watoto wanne, Maweni

Marahaba mamangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, manake hiyo nyumba unayoisema nami nimekulia ndani yake. Bibi yangu alikuwa na daftari lake la kodi ya ardhi, amelifunga kwa leso na kulitia kwenye sanduku la mvule pamoja na sanda yake, na sisi watoto tukicheka twamwambia bibi hicho kitabu chako cha madeni utazikwa nacho. Alikuwa na akili kutushinda sote.

Watu wa bara ukiwaambia nyumba bila ardhi hawakuelewi, kwao nyumba na kiwanja ni kitu kimoja. Huku kwetu pwani ni vitu viwili, na chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1908 serikali ya mkoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwenye ule ukanda wa maili kumi kutoka baharini, ambao kwa jina ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Aliyeweza kwenda kwa afisa akadai na kuthibitisha alipewa hati, asiyekwenda, ama asiyejua kama kuna kwenda, ardhi yake ilihesabiwa ya serikali. Waliofaidi zaidi ni familia zilizokuwa na wakili na karatasi. Wengi wa Mijikenda, na Waswahili wa kawaida pia, wakajikuta wageni palepale walipozikwa babu zao. Ndipo ikaja desturi hii, mwenye hati akuruhusu ujenge nyumba ya udongo, umlipe kidogo kila mwezi, ila usijenge ya mawe kwa sababu mawe hayang'oki. Wewe una kuta, yeye ana chini.

Sasa hiyo habari ya miaka 12. Jirani yako amesikia nusu. Sheria ipo kweli, ukikaa kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa yake na bila yeye kukutoa wala kukushtaki, waweza kwenda mahakama ya ardhi ukaomba uandikishwe wewe. Na kuna waliodai sheria hiyo imepingana na katiba mpya, Mahakama ya Rufaa ikikaa hapahapa Malindi mwaka 2015 ikasema hapana, bado yafaa. Lakini sikiza neno lenyewe: bila ruhusa. Wewe unayelipa mia tatu kila mwezi umekaa kwa ruhusa, ile mia tatu ndiyo ruhusa. Kwa hivyo miaka yote ya babako na yako haihesabiki hivyo unavyodhani, na miezi hii mitatu mwenye daftari alipopotea haijakupa kitu. Tena kama ardhi ni ya serikali, hata ukae miaka 50 njia hiyo haipo. Hapo watu wengi wametapeliwa na vijana wa kujifanya wakili, wachangisha elfu mbili kila nyumba kwa kesi ambayo haina miguu.

Sasa utauliza, mbona nimsifu bibi na daftari lake kama kulipa kwenyewe kwaninyima ardhi? Kwa sababu daftari lile lathibitisha kitu kingine, kwamba wewe si mvamizi. Umekaa kwa makubaliano. Ukija kutolewa, mwenye ardhi hawezi kuamka asubuhi na tingatinga akadai kwamba hakujui, sheria ya ardhi yamtaka akupe notisi ya maandishi ya miezi mitatu, na wewe ndani ya muda huo waweza kwenda mahakamani kuomba zuio ama muda zaidi ama fidia. Basi fanya hivi. Usiache kulipa kwa kuwa mtu hajaja, weka hiyo pesa, mtafute, na akikataa kupokea andika tarehe na uwe na shahidi. Lipa kwa simu ili ubaki na ujumbe. Na nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ada yake si kubwa, ujue hati iko kwa jina la nani leo. Yawezekana mwenye daftari ameacha kuja kwa sababu ardhi imeuzwa juu ya vichwa vyenu. Sikutishi lakini nimeliona hilo si mara moja.

Kuhusu kujenga ya mawe, ngoja. Wajua mji wetu ulikuwa kwenye ile orodha ya kwanza ya miji 15 ya mradi wa kuboresha mitaa duni ulioanza 2011, ule watu waujua kama KISIP, na kazi za namna hii huanza na watu wenye vitabu na rangi wakipita nyumba hadi nyumba kuandika nambari mlangoni. Siku hiyo usiende sokoni! Uwe nyumbani, jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, na liandikwe lako, si la kaka yako anayeishi Mombasa eti kwa kuwa yeye ni mwanamume. Kama ndugu mna urithi wa pamoja malizeni wenyewe kabla ya wapimaji kuja, kwa kadhi ama kwa wazee, msije mkagombana mbele ya mtu mwenye fomu. Na uliza swali hili kwenye mkutano, uliza kwa sauti: barabara ikipita hapa, atakayelipwa ni mwenye kuta ama mwenye chini? Wakikujibu waambie waandike.

Tena kuna jambo nataka mlipeleke kwenye kikao chenu. Pale Voi, si mbali, kuna mtaa waitwa Tanzania-Bondeni. Ulikuwa kama kwenu, vibanda kwenye ardhi iliyokuwa sehemu ya reli, sehemu ya kampuni ya mkonge na sehemu ya serikali. Miaka ya 1990 walipopata nafasi ya kurasimisha, waliwekewa mezani njia kadhaa, kila mtu hati yake, ushirika, ama ardhi kuwa ya wote kupitia amana. Wakachagua hiyo ya mwisho, ardhi ni ya jamii nzima na haiuzwi, nyumba juu yake ndiyo mali yako, waweza kuirithisha. Kwa nini walikataa hati ya mtu mmoja mmoja ambayo kila mtu huililia? Kwa sababu walijua shida ya mwezi wa kwanza, karo ya mtoto, mgonjwa hospitali, anakuja tajiri na laki mbili mkononi na hati yaondoka, na baada ya miaka mitano mtaa umependeza sana na hakuna hata mmoja wa wenyeji anayeishi pale. Haikuwa rahisi, sheria zetu hazikuwa zimezoea mpango wa namna hiyo na makaratasi yalichukua muda mrefu wa kuchosha. Sisemi mfanye hivyohivyo. Nasema mjue kuna njia zaidi ya moja kabla mtu hajawaletea moja tu na kalamu.

Shangazi, kuna mwekezaji mmoja ataka kujenga majumba ya ghorofa na hoteli karibu na ufuo huku kwetu. Alituita mkutano, kulikuwa na biriani na soda, akaahidi kazi mia mbili na madawati ya shule. Tulisaini karatasi mlangoni tukaambiwa ni mahudhurio tu. Sasa twasikia zile sahihi zimepelekwa kuonyesha tumekubali. Na ile njia ya wavuvi kushukia baharini iko ndani ya ramani yake. Tufanyeje? — Mvuvi na wenzake, Muyeye

Wallahi biriani ya mkutano ni biriani ghali kuliko zote duniani.

Kwanza kabisa sitamhukumu mwekezaji ambaye sijamsikia, labda ni mtu mwema. Lakini mwema ama mbaya, karatasi ya mahudhurio si karatasi ya kukubali, na mkisaini tena mara nyingine andikeni nyinyi wenyewe juu ya ukurasa kwa kalamu ya wino, "mahudhurio tu, hatujakubali mradi". Hilo ni la siku zijazo. La sasa ni kuandika barua leo, si kesho, kwa NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, mkisema mkutano ulikuwa lini, wapi, mliambiwa nini na hamkuambiwa nini, mpeleke nakala mpigiwe muhuri. Mradi wa ukubwa huo wahitaji ripoti ya athari za mazingira na wananchi kushirikishwa kweli, si kulishwa. Na leseni ikitoka mna siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza la mazingira, siku 61 mumechelewa.

Mtasema Shangazi hayo ni ya vitabu, mnyonge atashinda wapi. Nendeni Lamu mkaulize. Juni 2019 baraza hilohilo lilifuta leseni ya kile kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, mradi wa mabilioni wenye watu wakubwa nyuma yake, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, 2018, Mahakama Kuu iliamua wavuvi zaidi ya elfu nne na mia sita walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kwa bandari mpya ya hapo Lamu. Ni ushindi, naam, ila mwangalie vizuri, gati la kwanza lilifunguliwa 2021, na kuna waliokuwa wakiuliza pesa zao muda mrefu baada ya meli kuanza kutia nanga. Ndiyo maana mimi nasema haki ya kupigania baada ya zege kukauka ni haki ya jasho sana, bora ile ya kuandikwa kabla.

Na kuandikwa kwenyewe kwawezekana. Los Angeles kule Marekani, mwaka 2001, kulikuwa na mpango wa kupanua majengo makubwa ya burudani kando ya uwanja wa Staples Center, na mitaa ya kuzunguka pale ilikuwa ya wapangaji maskini, wengi wahamiaji. Wakazi, makanisa na vyama vya wafanyakazi wakaungana, hawakusema hatutaki, walisema twataka kwa maandishi. Wakapata mkataba: nusu ya kazi zilenge watu wa mitaa ya karibu, sehemu kubwa ya kazi ziwe na mshahara wa kumwezesha mtu kuishi, nyumba 20 kwa kila 100 ziwe za bei ya chini, na dola milioni moja kwa bustani na viwanja vya watu. Hawakuambiwa "tutaona". Iliandikwa na ina nguvu ya mkataba.

Sasa nyinyi kaeni muulizane, kazi mia mbili, za nini? Za kuchanganya kokoto miezi minane halafu kwaheri? Ama za jikoni, mapokezi, uhasibu? Wa kwetu wangapi, wafunzwe na nani, na mwezi wa nne mpaka wa sita hoteli zikifunga mvua ya masika hao watu wala nini? Mimi sijawahi kuona mwekezaji akiulizwa hilo la msimu, na hapa Malindi ndilo linalotuua kila mwaka, hata mhudumu wa miaka 15 kazini akirudi nyumbani na begi kama mgeni. Samaki na mboga za jikoni zitanunuliwa wapi? Madawati ni mazuri, watoto wakalie, lakini dawati halilipi karo.

Kuhusu njia ya wavuvi msiregeze kamba hata kidogo. Katiba kifungu cha 62 yasema ardhi yote kati ya maji yanapopanda na yanaposhuka ni ya umma. Ufuo hauna mwenyewe. Ila sheria hiyo haikupi njia ya kuufikia ukuta ukishajengwa, kwa hivyo hiyo njia ichoreni, pigeni picha vyombo na nyavu zikipita, wazee watoe ushahidi wa maandishi njia imetumika tangu lini, na kamati yenu ya BMU, ule umoja wa kusimamia ufuo na uvuvi, ndiyo iandike barua kwa jina lake, si mtu mmoja ambaye kesho ataitwa pembeni apewe kitu.

Shangazi habari. Tangu tuwekewe mulika mwizi na barabara ya matofali, mwenye nyumba amepandisha chumba kutoka 1,800 hadi 2,400, na kinyozi ya mume wangu barabarani naye ameambiwa kuanzia mwezi ujao ni mara mbili. Kwani maendeleo ni ya wenye nyumba tu? — Mpangaji, Kisumu Ndogo

Swali lako la mwisho ndilo lingestahili kuulizwa siku ya kuzindua ile taa, watu wote wakipiga makofi. Pesa ya umma imeweka taa, kilichopanda bei ni chumba.

Chumba cha kuishi ambacho kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi kiko chini ya sheria ya kudhibiti kodi, sheria kuukuu na hiyo 2,500 haijaguswa miaka mingi mpaka imekuwa kichekesho Nairobi, lakini kwa chumba chako wewe bado yafanya kazi. Mwenye nyumba hawezi kupandisha apendavyo, lipo baraza la kodi la kwenda kulalamikia. Kinyozi ni sheria nyingine. Kama hana mkataba wa maandishi, ama anao wa miaka mitano kushuka chini, basi amelindwa: notisi lazima iwe ya maandishi na isipungue miezi miwili, na yeye ndani ya mwezi mmoja ajibu kwa maandishi kuwa hakubali, kisha apeleke malalamiko kwa baraza la wapangaji wa biashara kabla notisi haijaanza. "Mwezi ujao" ya mdomo haina maana yoyote. Lakini mwambie aendelee kulipa kodi ya zamani kwa tarehe yake, asije akapoteza kesi nzuri kwa deni la kijinga.

Na zungumzeni naye kwanza, kwa adabu. Wenye nyumba wengine ni wajane wanaoishi kwa hivyo vyumba vinne, si wote ni mapapa.

Mambo Shangazi. Sisi ni kikundi cha vijana 12 Barani, tuna cheti chetu. Twaambiwa kuna tenda asilimia 30 za vijana na kina mama lakini hatujawahi kuona hata moja. Juzi jamaa mmoja ametuambia atutumie cheti, yeye afanye kazi, atupe 20,000. Pia tulienda mkutano wa bajeti mwezi wa tano tukaomba mtaro, wakatuambia tumechelewa. Tumechelewa vipi na ndio tulikuwa wa kwanza kufika? — Vijana, Barani

Hahaha wanangu, mliwahi saa mkachelewa miezi.

Bajeti ya kaunti si ya siku moja. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 mwezi wa tisa, hapo ndipo mtaro waingia au hauingii. Ikifika tarehe 28 Februari kuna karatasi nyingine ya kugawa viwango kwa kila idara, na 30 Aprili makadirio yenyewe yashawekwa mezani, mwaka mpya wa pesa waanza tarehe 1 Julai. Mwezi wa tano mwaitwa kuona sahani ikiwa imeshapakuliwa, mwaweza kulalamika chumvi tu. Kwa hivyo mtaro wenu uandikwe sai kwa barua ya kikundi, pamoja na picha za mvua ya masika iliyopita maji yakiwa magotini, ufike kwa mwakilishi wadi na idara ya mipango mwezi wa saba ama wa nane. Mkitaka kujua kama mtaro ulishawahi kutengewa pesa na zikaenda wapi, sheria ya kupata habari ya 2016 yawapa haki ya kuuliza kwa maandishi na ofisi ina siku 21 za kujibu. Wasipojibu mwapeleka kwa Ombudsman, ile ofisi ya malalamiko ya umma. Ofisi zachukia hiyo barua kuliko maandamano, jaribuni muone.

Tenda. Hiyo 30 ni kweli, ipo kwenye sheria ya manunuzi ya umma, na kaunti nayo yatakiwa itenge angalau 20 kwa 100 kwa wakazi wake wenyewe. Lakini cheti cha kikundi peke yake hakitoshi, mwahitaji kile cha AGPO, mpango wenyewe wa serikali wa hizo tenda za asilimia 30, ni bure, mtu akiwauzia ni mwizi, na kwa kikundi cha vijana wanachama wasiopungua 70 kwa 100 wawe vijana na viongozi wote wawe vijana. Kisha anzeni na kitu mnachoweza kukibeba, kusambaza vifaa vya ofisi, usafi, kufyeka, kushona sare. Msikimbilie barabara.

Ila n'tawaambia lile hawawaambii kwenye semina. Kushinda tenda si kulipwa. Kaunti nyingi nchini zina madeni ya miaka kwa watu waliouza bidhaa zao, na kijana aliyekopa benki kununua mali hubaki analipa riba huku ofisi yamwambia rudi Jumatatu. Tajiri aweza kungoja mwaka mzima, nyinyi hamuwezi, na hapo ndipo usawa wa kwenye karatasi unapovunjika. Kwa hivyo tenda iwe ndogo kiasi kwamba isipolipwa kwa miezi sita hamtakufa.

Na huyo jamaa wa 20,000 mwambieni asante. Atakula yeye, na kazi ikiharibika jina litakalofungiwa ni lenu. Lile fungu liliwekwa ili pesa ifike Barani, sasa nyinyi mwalirudisha lilikotoka kwa nauli ya 20,000 mgawane watu 12, hata elfu mbili haifiki kila mmoja. Hesabu zenu hizo kweli?

Shangazi yangu, mimi ni mama karanga, nakaanga samaki jioni. Asubuhi nikienda bandarini samaki wazuri wote washachukuliwa na matajiri wapelekwa mahotelini, sisi twabakishiwa vidogo na vilivyolala. Nikimuuliza mvuvi asema "mama hawa si wangu". Kwani aliyewavua ni nani? — Mama karanga, karibu na bandari

Amekwambia ukweli mwenzio. Yule mvuvi alivyoamka, mashua ni ya tajiri, ama nyavu ni za tajiri, ama petroli na barafu za leo zimekopwa kwa tajiri, ama mwezi wa kusi bahari ilipochafuka watoto wake walikula kwa mkopo wa tajiri. Kwa hivyo kolekole akipanda chomboni ameshakuwa na mwenyewe, na bei aliipanga huyohuyo mwenyewe. Usimchukie tajiri sana, wakati mtoto ana homa usiku ni yeye anayefungua mlango, benki haifungui. Lakini pesa yote ya bahari yapita hapo kwenye mlango mmoja, wewe na mvuvi mwasukumana nje. Huku Ngomeni mwaka 1970 ilirushwa satelaiti ya Uhuru ikaenda kuchunguza nyota, na sisi huku chini mpaka leo barafu ya kuweka samaki usiku mmoja twaiomba kwa mtu!

Barafu ndiyo siri yenyewe mamangu. Mwenye barafu aweza kungoja, asiye nayo lazima auze kabla ya saa sita kwa bei yoyote. Nyinyi mama karanga mko wangapi pale, kumi? Kumi watosha kusajili kikundi kwa sheria ya vikundi ya 2022, na kumi watosha pia kuanza ushirika. Badala ya kila mtu kulipwa zamu yake ya merigoraundi, ule mchango wenu wa kupokezana, akanunua vyombo, mizunguko miwili mitatu iende kwenye friza moja la pamoja na maboksi ya barafu. Kisha ongeeni na wavuvi wawili watatu ambao deni lao ni dogo, muwape barafu na petroli ya siku, na wao wawauzie nyinyi sehemu ya samaki kwa bei mliyopatana. Anzeni na wawili. Mkianza na bandari nzima matajiri watawamaliza kwa wiki, watapandisha bei ya kununua mpaka mshindwe kisha washushe tena.

Na ingieni BMU. Watu wadhani ni ya wenye mashua, la, wachuuzi wa samaki ni wanachama kwa kanuni na wana nafasi zao kwenye kamati. Kina mama huachwa kwa sababu mikutano yaitishwa saa kumi jioni, karai likiwa motoni. Basi agizo langu kwako ni dogo, nenda na wenzako watano mkamwambie mwenyekiti mkutano uwe saa nne asubuhi, samaki wakishauzwa na mafuta hayajapata moto.

Friza mtaiweka kwa nani, hilo ndilo litakalowagombanisha. Wekeni kwa yule ambaye umeme wake haukatwi, na mita yake mchangie nusu, mkaandike.